Maua ya Boga na Kiti cha Baba Mkwe

Jumanne, 4 Juni
Mama mkwe ametangaza. Jumapili tutapika kwake, mimi na mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Atakayepika vizuri atachukua kiti cha marehemu baba mkwe, kile chenye mito ya kijani. Nakitaka. Marehemu ndiye mtu pekee aliyecheka vichekesho vyangu, na alivichekea kwenye kiti hicho. Mwanyumba anajua kukaanga mayai tu, ila anayakaanga kwa maringo. Nitampiga bao kwa maua. Gazeti linasema yanaliwa.

Alhamisi, 6 Juni
Majaribio. Wali wa maua ya waridi, yaliyochumwa hapa uani. Mke wangu ameonja kijiko kimoja, akauliza sufuria nimeiosha kwa sabuni gani. Nimemwambia hajui mambo. Amekula mkate. Wali nimeumaliza mwenyewe kwa ubishi. Tumbo linanguruma mpaka sasa.

Jumamosi, 8 Juni
Gazeti linasema pia maua ya boga hujazwa viazi, kisha hukaangwa. Yapo kwa mama mkwe, nyuma ya jiko. Nimekwenda asubuhi kwa kisingizio cha kukaza bomba linalovuja. Mama akaniletea chai, akanisifu kwa moyo wa kujitolea. Maua ni ya aina mbili. Mengine yamekaa kwenye vikonyo vyembamba, mengine yana kiboga kidogo cha mviringo chini yake. Nikachuma yenye kiboga, yote. Ndiyo yaliyonona. Bomba sasa linavuja zaidi.

Jumapili, 9 Juni
Nilishashinda. Mama mkwe alilamba vidole, akasema hajala kitu kama hiki tangu azaliwe. Mwanyumba alibaki anayatazama mayai yake. Kisha mama akauliza maua nimeyatoa wapi. Nikasema asiwe na wasiwasi, ni ya hapahapa nyumbani.

Akatoka nje. Akakawia. Aliporudi alinieleza taratibu kwamba ua lenye kiboga ndilo jike, ndilo linalozaa, na yale mengine ni madume tu. Akasema haya si maua, ni mauaji.

Kiti kimeondoka na gari la mwanyumba, miguu juu.

Jumatatu, 10 Juni
Mke wangu amenipasulia ukweli. Mama alishaamua zamani kwamba kiti ni changu, kwa sababu marehemu alinipenda. Mashindano yalikuwa ya kumfariji mwanyumba, asione amenyimwa hivihivi. Hata ningechemsha maji ningeshinda. Imeniuma sana. Nimekaa uani juu ya ndoo, nikalia kidogo.

Lakini vidole alilamba, hilo halina ubishi. Mama anahitaji kutulizwa kwa chakula. Mwanyumba ana mpapai nyuma ya nyumba yake, umejaa maua. Safari hii sihangaiki na jike wala dume. Nachuma yote.

Nimeshamtumia ujumbe kwamba kesho nitapita kumkazia bomba.