Goti Jipya la Bibi na Ukurasa wa Pili

Jumatatu, 14 Julai 2025

Sijawahi kumwambia mtu: mimi ndiye niliyemkataza Bibi Agnesi kukunja goti lake jipya. Alirudi nalo kutoka Mwanza mwezi uliopita. Ncha za mifupa zimechongwa na kuvikwa chuma, katikati wameweka plastiki badala ya gegedu lililosagika. Hayo niliyasoma kwenye kitabu changu cha tiba, ukurasa wa kwanza. Kwamba plastiki hiyo ipo ili goti likunjike, hayo yalikuwa ukurasa wa pili. Sikuufikia! Nikamwambia chuma kitapinda.

Leo Mama amerudi naye kutoka kliniki. Makovu ya ndani yanaligandisha goti. Ijumaa lisipofika nyuzi tisini, atachomwa sindano ya usingizi, likunjwe kwa nguvu. Daktari amemsihi afanye mazoezi. Bibi akamjibu kwamba mjukuu wake Feliksi anasoma sana.

Kukiri? Hapana. Bibi ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kigugumizi. Nimelipima kwa kipimapembe akisinzia: sitini na tano.

Jumanne, 15 Julai

Nimeficha kiti chake kirefu, nikaacha kigoda cha kuchambulia dagaa. Atakunja tu!

Hakukunja. Aliketi mguu umenyooka kama kasia hadi mlangoni. Mama Honorata, muuza dagaa wa Kibirizi, akajikwaa, beseni zima la dagaa likamwagika. Nimeokota mpaka magoti yangu yakauma. Bibi akanionya nisiyakunje mno.

Jumatano, 16 Julai

Mpango wa uhakika. Bibi hajawahi kumsalimu Mzee Eliakimu, kaka wa marehemu Babu, bila kukunja magoti na kupiga makofi taratibu. Nikaenda Kasingirima kumleta. Nikamdanganya kwamba Bibi amemkumbuka.

Bibi akashika meza, akaanza salamu ya kwetu: “Mwakeye...” Goti likaanza kushuka! Nikachomoa kipimapembe. Akakiona, akasimama wima. Akamwomba shemeji yake radhi: Feliksi amekataza, chuma kitapinda kama kijiko.

Mzee akanitazama. Mama akanitazama. Binamu yangu Merina akauliza Daktari Kipimapembe ana wagonjwa wangapi wengine.

Nikakiri. Kwa kigugumizi. Bibi akasema kumbe wiki nne amekaa kama mlingoti kwa sababu ya mtoto mvivu wa kufungua ukurasa!

Ijumaa, 18 Julai

Tangu juzi anakunja asubuhi, mchana na jioni. Anahesabu kwa jina langu: Feliksi moja, Feliksi mbili. Si kwa upendo. Merina anaitikia.

Leo: tisini na mbili! Hakuna sindano. Daktari amesema kuchuchumaa kama zamani asahau, lakini kiti atakalia vizuri na ngazi atapanda. Bibi ameniuliza, mbele ya Merina, kama nakubaliana na daktari. Nimekubali.

Jioni Mzee Eliakimu alikuja kumpongeza. Akanivuta nyuma ya nyumba, akaninong'oneza kuhusu ukungu kwenye jicho lake la kushoto. Kaniuliza mimi! Sikugugumiza hata neno moja.

Nikaleta kitabu. Nikasoma ukurasa mmoja. Nikamshauri.