Plau, Kabichi na Shuka la Sinema

Jumatatu, 11 Novemba 1957. Uyole

Mvua ya kwanza imenyesha. Ardhi imelainika, jumbe hajalainika. Amepita asubuhi na fimbo yake kunikumbusha kuwa nina ekari tatu na kwa miaka miwili nalima moja. Zisipolimwa zote kabla ya Krismasi, mbili anampa Mika. Mika! Mwenye ekari tano na jembe lisilo na mpini.

Ekari hizi nilizipata kwa kung'oa visiki 216 kwa mikono hii. Jumbe hakuhesabu visiki.

Lakini njia ipo. Jumamosi Bwana Shamba analeta plau na ng'ombe wawili. Tumejiandikisha wawili tu, mimi na Tusekile, mjane wa jirani. Atakayelima vizuri atakaa navyo msimu mzima. Tusekile hajui a wala be. Mimi nina kitabu cha kulima kwa ng'ombe, nilikinunua Iringa, kurasa 48. Nimeshaanza kumhurumia.

Jumatano, 13 Novemba

Nimefungua kitabu. Ukitoka ukurasa wa 20 unaingia wa 29. Kurasa nane hazipo!

Mke wangu Damari anasema alifungia chumvi mwaka juzi, na kwamba kama ningekuwa nakisoma ningejua mwaka juzi.

Zilizokwenda na chumvi ni za kufunga nira na kugeuza ng'ombe. Zilizobaki ni historia ya plau na picha ya kiwanda.

Kesho gari la sinema linakuja sokoni kuonyesha namna ya kulima kwa plau. Tusekile anakwenda. Mimi siwezi, maana Jumapili nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema sinema ni shule ya wasioweza kusoma. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Nitakaa nyuma ya shuka linalotundikwa kuonyeshea picha. Picha inapenya. Nimefikiria kila kitu.

Alhamisi, 14 Novemba

Sinema ni kitu kizuri, wala sitamwambia mtu.

Upande wa mbele watu mia tatu, wamebanana. Upande wangu, mimi na mbuzi wawili. Injini ya umeme ilinguruma karibu na sikio langu, kwa hiyo maneno ya kipaza sauti sikuyapata. Maandishi yalipita, sikuweza kusoma hata herufi moja. Nadhani ni Kigiriki. Iringa kuna Wagiriki wenye mashamba ya tumbaku, watakuwa ndio waliotengeneza.

Jambo la ajabu: watu wote wa kwenye picha ni mashoto. Mzee mzima anakula ugali kwa kushoto, mbele ya wakwe! Wanapeana mkono wa kushoto bila aibu. Sijui ni kabila gani. Lakini kwa plau ni mabingwa.

Nimeandika: ng'ombe mweusi kushoto, mweupe kulia. Ukifika mwisho wa mstari, geuza kushoto. Waligeuka mara 14, na mara zote 14 kushoto. Nani mwingine alihesabu?

Jumamosi, 16 Novemba

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Kalinga, mwendesha ng'ombe kutoka Chimala, alileta Mkaa, mweusi, na Maziwa, mweupe. Tusekile akaanza. Aliwaacha kama walivyokuja, Mkaa kulia, Maziwa kushoto. Mistari 22, yote imenyooka kama uzi wa fundi.

Zamu yangu. Nikaamuru wabadilishwe. Kalinga akasema kila mmoja ana upande wake tangu alipofundishwa. Nikamwambia mazoea si elimu. Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Nilidhani ni heshima.

Mkaa akasukuma kurudi kulia. Maziwa akasukuma kurudi kushoto. Wamefungwa nira moja, basi wakazunguka. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Wa tatu nikawapigia kelele za kushoto, wakaenda kulia, wakaingia bustani ya mchungaji, nami nyuma nimeng'ang'ania plau. Mke wa mchungaji anadai kabichi 41. Nimehakiki. Ni 39, mbili zilikuwa zimeoza.

Tusekile akaniinua. Akauliza taratibu, mbele ya wote:

"Shemeji, juzi ulikaa upande gani wa shuka?"

Nikasema sikuwapo.

"Ulikuwapo. Miguu yako tuliiona chini ya shuka. Tukasema, huyu aje mbele huku, atasoma kinyume."

Kalinga akaketi chini kwa kucheka. Bwana Shamba akatoa leso yake, akaonyesha jinsi kulia kunavyokuwa kushoto ukitazama kwa nyuma. Nikasema hilo nilikuwa nalijua.

Jumapili, 17 Novemba

Plau na ng'ombe amepewa Tusekile. Mika alinisalimia mara mbili kanisani, huku akitazama kule ziliko ekari zangu.

Mchana Tusekile akaja. Akimaliza shamba lake atalima na langu, Krismasi isitukute. Sharti moja: mimi nitangulie mbele kuwavuta ng'ombe kwa kamba, yeye ashike plau. Nikasema nitafikiri.

"Nimekwisha kufikiri mimi," alisema Damari. "Baba Asukile, mwambie asante."

Nikasema, kwa sauti ya kiasi.

Jumatano, 27 Novemba

Tumelima ekari zangu mbili. Imebaki moja. Wapita njia wakiniona mbele wanadhani mimi ndiye mkuu wa kazi. Sikuwasahihisha.

Nimepima sana jambo hili. Kosa ni la sinema. Kitabu ukikishika nyuma unaona jalada, unajua umekosea. Shuka halisemi. Kwa hiyo nimerudi kwenye vitabu. Muhidini wa dukani kaniuzia kimoja cha kufuga nyuki, kurasa 96, zote zipo. Nimesoma 11. Zinatosha. Nyuki hawana kushoto wala kulia.

Mizinga kanipa Mika. Mitatu, imejaa nyuki, tena bure! Mtu mwema kumbe. Aliuliza tu kama nitaiweka kabla plau haijamaliza. Nikamwambia kesho alfajiri, mwisho wa shamba, pale pale ng'ombe wanapogeukia, ili Tusekile aione vizuri. Akanishika mkono kwa furaha.

Ukurasa wa 12 unaanza na kichwa kikubwa, "Nyuki na Mifugo". Nitausoma baada ya mavuno.