Mwanafunzi Wenu Ametunyang'anya Mlevi Wetu

Kwa Mkuu wa Chuo,
Idara ya Ushauri Nasaha, Afya ya Akili na Uraibu.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: KUMLALAMIKIA MWANAFUNZI WENU ALIYE FIELD HAPA KIPAWA

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya, ya mwili na hiyo ya akili mnayoifundisha. Mimi ni Eliaichi Mmari, mwalimu mstaafu wa nidhamu, mkazi wa Kipawa na katibu wa kikao cha ukoo wetu. Maisha yangu yote nimewalalamikia wanafunzi watoro na wavivu. Leo, kwa mara ya kwanza, namlalamikia mwanafunzi kwa kufanya kazi aliyotumwa.

Mwanafunzi mwenyewe ni Salsabil, binti wa Mzee Muhsin mwenye duka la vitambaa hapa mtaani. Mmemleta ofisi ya serikali ya mtaa kwa mafunzo ya vitendo, asaidie watu waliozidiwa na pombe na mawazo. Adabu anayo, hajawahi kunipita bila shikamoo. Kwa ajili ya adabu hiyo nilimkaribisha mimi mwenyewe kwenye kikao chetu, ajifunze kwa wazoefu. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi ukoo wetu hukutana sebuleni kwangu. Ajenda ni sala, kusoma muhtasari uliopita, Benson, na mengineyo. Benson ni mdogo wangu wa mwisho, fundi friji, anayeishi Gongo la Mboto na kunywa popote. Tunamketisha katikati, tunamkanya kwa zamu kuanzia mkubwa, tunaandika kwamba sikio la kufa halisikii dawa, kisha tunafungua kreti la bia kusafisha koo, maana kukanya kunakausha. Benson naye hupewa zake. Ni ndugu yetu, hatuwezi kunywa huku anatutazama tu. Utaratibu huu umetuunganisha miaka mingi. Hata wasiosalimiana kwa ajili ya kiwanja hukubaliana juu ya Benson.

Sasa malalamiko.

1. Binti hasemi. Nilipompa nafasi amkanye Benson, alimwuliza tu siku yake huanzaje asubuhi, kisha akanyamaza. Alinyamaza, Mkuu, mpaka feni ikabaki msemaji pekee. Nikadhani amesahau somo, nikafungua mdomo nimwokoe, akaniomba kwa upole tumngoje mwenyewe. Basi Benson, ambaye hujibu "nimekoma, kaka" hata kabla hajaulizwa, akaanza kueleza. Alieleza mpaka ndizi zikapoa mezani. Nilitegemea walau, kwa kuwa ni binti wa watu wa dini, angemtishia moto kidogo. Wapi!

2. Ameliua neno "mlevi". Hakulikataza. Ila kila mmoja wetu akisema "huyu mlevi", yeye huirudia sentensi yetu polepole na kuweka "Benson" mahali pake, kama mtu anayechambua mchele. Watoto wa nyumba hii wameshamwiga. Nawe ujue kuna Benson mwingine anayeuza mkaa, na tofauti yao mtaani ilikuwa neno hilo hilo. Juzi mama mmoja alimsimamisha wa kwetu akitaka gunia la mkaa. Huu ni usumbufu kwa wafanyabiashara.

3. Kreti. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, kama tumewahi kujaribu kikao bila bia. Tulitazamana. Kesho yake mke wangu Demetria alilirudisha kreti dukani bila kupitia kwa katibu, akirudi anaimba. Siku hizi tunasafisha koo kwa juisi ya ukwaju. Shemeji Kornelio, aliyekuwa mkali kuliko wote dhidi ya pombe, haonekani tena. Anasema goti linamsumbua, ingawa goti hilo humfikisha baa ya jirani yake bila shida.

4. Benson ameacha. Sitaficha kwamba nilingoja arudie, na kweli aliteleza mara moja. Niliitisha kikao cha dharura nikiwa na furaha ambayo mke wangu aliniambia haikunipendeza. Lakini kabla hatujakaa, Benson mwenyewe alikuwa ameshampigia simu Salsabil, naye akamfikisha kwa msimamizi wake zahanati. Tulipokutana mtu alikuwa ameshahudumiwa, hakuna hata wa kumkunjia uso.

5. Ajenda ya tatu ikiwa tupu, macho ya watu hutafuta pa kutua. Kwanza yalitua kwa mwanangu Brightson na mikeka yake ya kubashiri mpira, nikaunga mkono. Kisha yakamfikia dada yangu Apolonia, ambaye tangu ubatizo wake hajawahi kukiri kosa, akakiri mawili mfululizo bila kuulizwa la pili. Mwezi uliopita wakanigeukia mimi, eti bia zangu za jioni zinaanza saa ngapi. Niliwajibu kwamba mimi hunywa kwa kipimo cha daktari, na daktari huyo nitamtafuta.

6. Siku hiyo hiyo Benson aliomba kusema. Alisimama, akanitazama mimi, si kikao. "Kaka, mie nimeacha," akasema. "Ila tangu mama afariki hamjawahi kuniita hapa kwa jambo lingine. Sasa mtaniita kwa lipi?"

Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Nimewahi kuwanyamazisha wanafunzi wa shule nzima kwa kukohoa tu, lakini hapo nilikohoa na Benson akaendelea kunitazama. Nilimtazama Salsabil anisaidie, naye akafanya lile mlilomfundisha: akanyamaza. Benson akaaga, akaondoka kabla ya chakula. Nimekasirika, Mkuu, na nimeumia. Swali la namna ile haliulizwi mbele ya wakwe.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Salsabil aondolewe Kipawa mara moja na apelekwe kwa ukoo usio na vikao. Mtaala wenu uongezwe masomo ya Kukemea, Kumlinganisha Mtu na Mtoto wa Jirani, na Kutishia Laana, nadharia na vitendo. Niko tayari kuyafundisha mwenyewe, vifaa ninavyo. Mwisho, chuo kiturudishie Benson kama kilivyomkuta au, ikishindikana, kitupatie mwingine anayelingana naye, maana ukoo usio na wa kumsema utaanza kusemana.

Nisalimie wakufunzi wote, wapishi, na mlinzi wa getini aliyenizuia kwa kukosa miadi. Alifanya vyema, kukemea bado anakujua. Wasalimie pia wanafunzi walioanza kunyamaza, na zaidi wale ambao bado wanasema.

Wako katika kuitetea ajenda ya tatu,

Mwl. Eliaichi Mmari,
Katibu wa Kikao.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.
Shemeji Kornelio, pamoja na goti lake.

N.B. Leo si siku ya kikao. Asubuhi, kabla sijaifunga bahasha, nilimpigia Benson nikamwambia aje nyumbani. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, njoo tu. Akauliza tena kama kuna mtu amefariki. Amekuja. Ameoga, amechomekea shati, na ameshalifungua friji letu akalitengeneza, ingawa halikuwa bovu. Sasa ameketi kwenye kochi mbele yangu, mikono juu ya magoti, nami kwa kutojua pa kuanzia nimejifanya bado naandika. Mkuu, mdogo wangu akikosea najua cha kumwambia. Asipokosea sijui. Tafadhali msimwondoe yule binti. Na kama mna namba yake, mwambieni apite hapa mapema, kabla huyu hajaona kwamba karatasi imejaa.