Pumzi Yangu Ndani ya Mashine ya Jua

Jamani, leo mie nimeaibika mchana kweupe, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na sina pa kuuficha uso.

Mnajua nafanya kazi kituo cha hali ya hewa, huku Bunju. Tuna mashine ndani ya kibanda. Kioo cha juu ya paa kinaleta mwanga wa jua hadi kwenye sanduku, na mshale unaonyesha mwanga huo umekutana na hewa ya ukaa kiasi gani huko angani. Hatupandi popote. Tunausoma mwanga tu (kila nikiwaza nasisimka).

Tatizo, vipimo vilikuwa vinarukaruka. Mwezi mzima tumefuta vioo, tumekaza skrubu, wapi. Mie nikajipatia jibu: matanuri ya mkaa ya Bi Somoe, ng'ambo ya barabara. Nikaandika ripoti. (Kurasa tatu, mwandiko wa kupendeza.) Leo asubuhi mwenyekiti akaja na Bi Somoe mwenyewe, amwambie mama wa watu aache kazi inayomlisha. Mkuu wangu, Ndugu Mapunda, akataka kwanza tuone kwa macho.

Tukabanana kibandani wanne. Nikainama juu ya sanduku, nikaanza kueleza. Mshale ukapanda. Nikawaambia huo ndio moshi wake. Bi Somoe akajibu taratibu kwamba hajawasha tanuri tangu mvua zianze. Nikainama zaidi, nikabisha kwa maneno mengi (mnanijua). Mshale ukapanda tena.

Kumbe yeye alikuwa anautazama mshale, hanitazami mie.

"Mwanangu," akasema, "ukisema, unapanda. Ukinyamaza, unashuka."

Ndugu Mapunda akaniomba nitoke nje. Baada ya muda mshale ukashuka, ukatulia tuli. Akaniita nipulize pumzi moja tu kwenye sanduku. Ukapanda.

Yaani mwanga umetoka kwenye jua, umepita anga lote, na bado mashine ikaiona hewa ya ukaa ya pumzi ya mtu mmoja iliyoingia njiani. Kwa dakika nzima hata aibu niliisahau. Tulisimama wote wanne tunautazama ule mshale kama tumeonyeshwa siri. (Mwenyekiti alicheka baadaye, mpaka akaketi chini.)

Nimemwomba Bi Somoe radhi. Amenisamehe, kisha akaomba naye apulize.

Ripoti nimeichana. Sanduku tumelifunga kwa kioo. Na mlangoni Ndugu Mapunda amebandika karatasi: HUMU NDANI KUSEMA NI MARUFUKU. Jina hakuandika. Hakukuwa na haja.