Mvukuto na Nyuki Asiyetulia

Jumatatu, 4 Machi
Chama cha wafuga nyuki kinatafuta picha ya nyuki, ya karibu kabisa, kwa lebo ya chupa zao za asali. Nafasi yangu hii. Nimechoka na picha za vitambulisho: kaa wima, usicheke, anayefuata. Tatizo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Naye anashindana. Juzi tu alikuwa anapiga picha bila kutoa kifuniko cha lenzi. Simwogopi. Nimechungulia dirishani kwake mara chache tu.

Jumanne, 5 Machi
Kwa muuza kamera, kutafuta kifaa cha kupigia vitu vidogo. Nilimwonyesha lenzi yangu ya karibu. Akasema hiyo inatosha. Mdudu aliye hai hataki makuu: shika kamera mkononi, sogea mbele na nyuma taratibu, jicho lake likionekana vizuri, bofya. Mvukuto ni wa vitu visivyojongea, kama pete na sarafu.

Nikajua ananificha kitu. Muuzaji anayekukataza kununua ana lake jambo. Mvukuto wenyewe ulikuwa rafu ya juu: ngozi nyeusi iliyokunjwakunjwa, ya kukaa kati ya kamera na lenzi. Ukiurefusha, nzi anakuwa ndovu. Tukabadilishana: yeye lenzi yangu, mimi mvukuto na lenzi moja kuukuu ya kuchomekwa mbele yake. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nadhani alishaanza kujuta.

Jumatano, 6 Machi
Mvukuto una matundu. Mwanga unapenya, picha zote zina ukungu. Nimeziba kwa kipande cha bitana nyeusi nilichokikuta kwenye cherehani ya mke wangu. Kimekaa vizuri mno.

Baadaye. Bitana ilikuwa ya koti la mteja. Mke wangu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Baba watoto, hilo koti lina mwenyewe, na mwenyewe ni askari magereza." Nikamweleza kuhusu sanaa. Akasema nikamweleze askari.

Alhamisi, 7 Machi
Bustanini tangu asubuhi. Nyuki anatua, nazungusha kifundo cha kurefushia mvukuto, anaanza kuonekana, keshaondoka. Hivyo hivyo mpaka jua la utosi. Nikapaka asali kwenye ua ili wakae. Walikuja sisimizi. Nyuki mmoja alikuja pia, akaingia kwenye mkono wa shati. Sitaandika zaidi.

Shemeji naye akatokea na kamera yake. Anayumba mbele na nyuma kama mlevi, amebana pumzi. Nikamhurumia. Kisha nikaona lenzi. Yangu, na mkwaruzo wangu pembeni! Akasema kaipata jana kwa muuza kamera, bahati tu. Nikampa hongera. Mdomo ulisema, moyo haukuwepo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata dawa. Nyuki aliyekufa, kwenye kizingiti cha dirisha. Hajongei hata chembe. Tone la gundi, ua la alizeti, mvukuto umenyooshwa wote. Kila unywele unahesabika. Nilikaa nikiitazama picha hiyo mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 9 Machi
Mwenyekiti wa chama, mama mmoja mpole, aliitazama picha yangu kwa muda mrefu. Akasifu ukali wake. Kisha akavua miwani.

"Lakini mwanangu, huyu ni maiti. Tazama alivyokunja miguu. Nani atanunua asali yenye msiba juu yake?"

Imechaguliwa ya shemeji. Bawa moja limefifia, ila nyuki yu hai na chavua tele miguuni. Mama aliniona nimenywea, akanipa kazi ya vitambulisho vya wanachama. Shemeji akanipigia makofi, tena kwa moyo safi. Inaudhi.

Jumapili, 10 Machi
Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Mvukuto hauna kosa. Kosa ni ufupi wake. Muuza kamera ana mwingine mrefu zaidi, na nadhani atakubali kuchukua stendi yangu na taa zote mbili.

Na vitambulisho je? Uso mzima wa nini, wakati kila mtu anao? Kesho naanza na mwenyekiti. Nitamwomba asipumue wakati nazungusha kifundo. Pembeni mwa pua ana chunjua dogo, zuri sana.