Kuipa Kampuni ya Intaneti Mgongo

Jumatatu, 11 Agosti
Mwanangu Kagwe amepiga simu kutoka Bungoma. Wanakuja Kitale Jumamosi, yeye, mkewe Rosaline na mtoto, na watalala! Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, akasema mjukuu wangu Nduta anauliza kama intaneti ya guka, yaani babu yake, bado inakokota. Nduta ana jina la marehemu mke wangu. Nikiliita jina hilo humu ndani, ni yeye pekee anayeweza kuitika.
Basi kasi iongezwe. Bei isiongezwe. Nina mpango.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeipigia kampuni ya intaneti. Akapokea binti aitwaye Jerop. Nikamwambia nahamia kwa washindani wao. Sina nia yoyote ya kuhama! Lakini nilinunua ng'ombe Lwakhakha miaka mingi, kabla ghasia hazijatufukuza kule, na najua: ukitaka bei nzuri, mpe muuzaji mgongo. Hujafika langoni, anakuita. Mzee, rudi tuongee.
Jerop akasema sawa, mzee wangu, nimekuondoa, kuna lingine? Nikasema hakuna. Akanitakia siku njema.
Nimeketi karibu na simu.

Jumatano, 13 Agosti
Intaneti imekatwa. Vitisho tu. Muuzaji naye hujifanya anafungua kamba arudishe ng'ombe wake nyumbani.
Simu imelia mara moja. Nikavaa miwani kwanza, nikakohoa, nikapokea. Mtu alimtaka Mama Emmy. Nikamwambia amekosea namba, lakini mvua huko ikoje? Akasema kwao Moi's Bridge imenyesha vizuri. Mtu mwenye adabu. Alikata mapema.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimepiga mwenyewe. Amepokea mwingine, Noah. Ati nikirudi nitahesabiwa mteja mpya, nisubiri foleni hadi mwisho wa mwezi. Nikauliza kama Jerop ameniulizia. Jerop yupi, mzee? Hapa tuko wengi, bana.
Ikabidi niwaite hao washindani kwelikweli. Fundi wao, Naim, anayekaa karibu na msikiti, amefika leo leo na ngazi yake. Amesema waya lazima upite juu ya ua wa Muchiri, na Muchiri akubali. Muchiri ni jirani ambaye simsalimu tangu kuku wake wamalize mboga yangu ya sukuma wiki.
Nikamtuma Naim akamwambie Muchiri kwamba sihitaji ua wake, nitapitishia waya kwingine. Hakuna kwingine. Lakini Muchiri atapata wasiwasi, atakuja kunibembeleza.
Naim akarudi. Muchiri amesema sawa, asante kwa taarifa.
Naim akaniambia, mzee, si umuombe tu? Anakaa mtu mzuri. Mafundi hawajui biashara. Nilimwomba anywe chai nyingine, akasema ana kazi Kabuchai.

Jumamosi, 16 Agosti
Wamefika! Nduta amerefuka. Amenikumbatia, akainua simu yake juu, akaizungusha, akaishusha. Nikamwambia vizuri, sasa tutazungumza. Nikaanza kumsimulia habari za nyanya yake, nikaenda jikoni kuchukua chai, niliporudi kiti kilikuwa kitupu.
Yuko barazani kwa Muchiri. Muchiri amempa intaneti na hindi la kuchoma. Rosaline akaenda kumwita, akakaa. Kagwe akaenda kuwaita wote wawili. Nikabaki na birika.
Wamekaa huko hadi giza likaingia. Nilikuwa nyuma ya ua, nikijifanya nafunga miche. Muchiri aliita, Nduta, njoo uchukue lingine! Na jina likaitikiwa.

Jumapili, 17 Agosti
Wameondoka baada ya kanisa. Kagwe akasema watarudi Krismasi, wiki nzima, Mungu akipenda. Nikasema tutaona.
Nimefikiri mchana kutwa na nimeligundua kosa langu. Sikuwapa mgongo kamili! Kampuni nikaipigia tena. Muchiri nikawa namchungulia. Muuzaji akikuona unatupa jicho nyuma, umekwisha.
Kwa hiyo jioni nimemwandikia Kagwe: Krismasi msije, nina shughuli nyingi. Hapo watanisihi. Huenda hata wakaja mapema.
Amejibu papo hapo. Sawa, Baba.
Anajua soko, huyu kijana! Lakini sitapiga mimi kwanza.