Hotuba ya Kukabidhi Gari Dogo Lisilokula Mafuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa udhuru wa wote waliotangulia kualikwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Usafiri Nafuu na Ubanaji wa Matumizi, ambaye vilevile ni mimi. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Rangi ya Gari. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Honi, pamoja na wajumbe waliojitenga baada ya mabishano kama honi ilie mara moja au mara mbili. Ndugu Dereva wa Gari Dogo, shemeji yangu. Mama Mkunga, ambaye gari hili ni lake. Akina baba mliokaa, akina mama mliosimama. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa naomba izingatiwe sasa. (Makofi. Mtu wa mstari wa mbele anasimama ili azingatie, hajui azingatie nini, anaketi.)

Sitasema mengi. Nina kurasa chache tu, nyingine nimeziacha ofisini kwa kuwa zilihitaji wapagazi. Nyuma yangu hapa, chini ya turubai hili la kijani, lililoshonwa na mke wangu baada ya zabuni ya wazi ambayo alishindana peke yake kwa nidhamu kubwa, ndipo lilipo Gari Dogo la Mama Mkunga, gari litakalowachukua wajawazito wa huku bondeni na kuwapandisha hadi hospitali kule juu kilimani, kwa heshima, kwa usalama na kwa gharama ambayo hata bahili atalia kwa furaha. (Vigelegele. Sauti kutoka nyuma: "Limeingiaje humu, mheshimiwa? Mlango wenyewe tunapita mmoja mmoja!") Nashukuru kwa swali hilo zuri. Ndiyo maana likaitwa gari dogo. (Kicheko. Aliyeuliza anatikisa kichwa.)

Ndugu zangu, watu hukurupuka. Mtu anaona gari, analipenda, analinunua, halafu haupiti muda anaanza kuhangaika: mara mafuta, mara oili, mara plagi, mara bima, mara pedi za breki, mara kile kisauti cha ajabu upande wa kushoto ambacho fundi akija kinanyamaza. Gari linamla mwenyewe kidogo kidogo, na bandu bandu, wahenga walisema, huisha gogo. Idara yangu haikukurupuka. Tulifanya risachi. Tuliita mastekiholda. Tulikaa semina, tukatoka, tukakaa wekshopu ya kuijadili ile semina, na kwa kauli moja tukapitisha Mkakati Jumuishi wa Sastenabiliti ya Umiliki wa Muda Mrefu, ambao nguzo yake ni moja: mtu asinunue gari kabla hajazijua gharama za kulitunza. Na utazijuaje kama hujalitunza? Kwa hiyo tukaanza na kulitunza. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nami naongeza kwamba kununua gari si kazi, kazi ni... (Sauti ya mwanamke karibu na dirisha: "Kuzaa si kazi? Alisema nani huyo?" Akina mama wanacheka. Aliyesema ni mke wa kinyozi, tumbo limemtangulia, mkono uko kiunoni, na yeye hacheki.)

Naendelea. Sasa nawaletea takwimu, na naomba wenye mioyo dhaifu washike viti. Katika miaka saba ya mradi huu, unywaji wa mafuta wa Gari Dogo haujapanda hata kwa tone. Tairi hazijalika hata uzi mmoja. Pancha, hakuna. Ajali, hakuna. Injini haijakohoa hata siku moja, wakati wa baridi wala wakati wa joto. Linganisheni na gari langu la kazi, lile kubwa jeusi lililoegeshwa hapo nje, ambalo linakunywa mafuta bila haya hata likiwa limesimama, na ambalo mimi binafsi nalitumia kwa masikitiko, kama mfano wa jambo lisilofaa kuigwa. Efishensi yetu imefikia asilimia mia moja na kumi na mbili. Zile kumi na mbili tutazirudisha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na gari letu, ndugu zangu, halijatembea hata hatua moja! (Makofi ya Kamati ya Rangi. Wengine wanatazamana.)

Mafanikio haya hayakuja yenyewe, yamejengwa na rasilimali watu. Simama, shemeji, wakuone. Kijana huyu, kila asubuhi kwa miaka saba, amekaa kwenye kiti chake pale ofisini, ametazama kulia, ametazama kushoto, na ametulia hivyo mpaka wenzake wanapotoka kazini, na hajapata kosa hata moja la barabarani. (Dereva anainama kwa adabu. Kifungo cha tumboni kinaruka.) Fundi wa gari, mpwa wangu, ananiletea taarifa ya sevisi kila mwezi, na kila mwezi inasema hana la kulalamikia. Mwosha gari, binamu yangu, anapasugua pale penye maegesho asubuhi na jioni, na sasa panang'aa kiasi kwamba tumepiga marufuku mtu kupakanyaga. Mlinzi naye ana msaidizi, na msaidizi ana mbwa, na mwizi hajathubutu kugusa hata kioo cha pembeni. Huo ndio utunzaji. Kuna watu humu nchini wana magari na hawajayatunza nusu ya hivi.

(Vurugu karibu na dirisha. Kinyozi amepanda juu ya kiti: "Mama Mkunga! Mke wangu ameshikwa na uchungu!") Namwona ndugu yetu kinyozi, ndiye aliyeninyoa leo asubuhi, kazi safi ingawa upande mmoja umezidi mwingine. Namwomba aketi, kipindi cha maswali kinakuja. (Mama Mkunga, mwanamke mfupi mwenye mkoba begani, anapita katikati ya watu: "Hili si swali, mheshimiwa. Chupa imeshapasuka. Na huyu, uzazi wake wa kwanza ulimtesa sana, anatakiwa awe hospitali. Nipe ufunguo.") Ufunguo upi, mama? ("Wa gari. Si umesema ni langu?")

Ni lako, Mama Mkunga! Ni lako kabisa, kimsingi na kisera, na asije mtu akakudanganya vinginevyo. Lakini umiliki ni jambo moja na matumizi ni jambo lingine, na wataalamu wetu wametuonya kwamba gharama zote za gari huanza pale linapoanza kutumika. Hebu fikiria. Tone la kwanza likiingia kwenye tangi, takwimu zote nilizosoma hapa zinaharibika. Miaka saba ya mafanikio inapotea kwa safari moja, tena ya kupanda kilima! (Mama Mkunga: "Baba, mvua za mwaka jana nilimsukuma mwanamke kwa mkokoteni wa mkaa, kilima hiki hiki. Nilisukuma mimi na dada yake. Mama alifika. Mtoto hakufika. Miaka yote hii naambiwa gari linakuja, nivumilie. Nimevumilia. Leo umesema limekuja, na mimi nina mzazi. Nipe ufunguo, nakuomba." Waliokuwa wakijipepea wameacha.)

Suala la mkokoteni limeifikia idara yangu. Hapa kwenye karatasi nimeandikiwa nisikitike kidogo, na nimesikitika. Ama kuhusu ufunguo, huo unashikiliwa na Kamati ya Ufunguo, ambayo leo haina akidi kwa sababu mjumbe mmoja yuko safarini akijifunza mambo ya ufunguo. (Kinyozi: "Mheshimiwa, mke wangu atazalia dirishani!" Mama Mkunga: "Mwache. Tutaingia hivyo hivyo, dereva si yupo? Twende, mwanangu.") Mama Mkunga, tafadhali! Turubai halifunuliwi kabla utepe haujakatwa! ("Sifunui. Napita chini yake.")

(Mama Mkunga anainua pindo la turubai, anamwingiza mke wa kinyozi, anaingia mwenyewe. Pindo linashuka. Kamati ya Rangi inatazama viatu vyake. Kisha sauti ya Mama Mkunga, kutoka ndani: "Eh! Mheshimiwa! Gari hili lina nafasi!") Si niliwaambia? Ubunifu wa kisasa, ndugu zangu, dogo kwa nje, kubwa kwa ndani. ("Na chini kuna saruji!") Uimara. ("Na huku mbele naona miguu yako mpaka soksi!") Kioo kipana, dereva aone barabara yote. (Kicheko kinaanzia nyuma na kuja mbele taratibu. Mke wa kinyozi anapiga ukelele mrefu, na kicheko kinakatika. Mama Mkunga: "Hakuna pa kwenda tena, mtoto anakuja. Bibi, maji ya moto na nguo safi! Akina baba, tokeni dirishani! Na wewe, mheshimiwa, endelea na hotuba, watu wakuangalie wewe wasituangalie sisi.")

Katika utumishi wangu wote sijawahi kuombwa niendelee. Nashukuru. (Mama mkwe wa mzazi, bibi mnene mwenye haraka, anapita na beseni na taulo.) Ndugu wananchi, naomba mnitazame mimi. Hatutaishia hapa. Katika awamu ya pili tutawaletea gari la pili, dogo kuliko hili, ambalo gharama zake tumeshaanza kuzibeba tangu mwezi uliopita na dereva wake, mdogo wake shemeji, ameshapewa kiti. Awamu ya tatu ni gereji. Awamu ya nne ni barabara, maana wataalamu wamegundua kwamba gari linapendelea barabara. ("Sukuma!") Tutasukuma, mama! Idara yangu itaisukuma ajenda hii usiku na mchana. ("Sikusemeshi wewe! Sukuma, mwanangu, hivyo hivyo, kichwa nakiona!") Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nikisema, kuhusu... kuhusu oili... (Mkurugenzi amegeuza ukurasa juu chini na bado anasoma. Kinyozi amepiga magoti mbele ya turubai, amefumba macho, midomo inamcheza.) Oili, ndugu zangu, ibadilishwe kwa wakati.

(Kilio cha mtoto. Chembamba, kikali, chenye hasira. Mama Mkunga: "Msichana! Mama mzima, mtoto mzima!" Ukumbi unalipuka kwa vigelegele, viti vinaanguka, watu wasiojuana wanakumbatiana. Kinyozi analia waziwazi, haoni aibu.)

Mmeshuhudia! Mmeshuhudia wenyewe! Safari ya kwanza ya Gari Dogo: wamepanda wawili, watashuka watatu, na mafuta hayakutumika hata tone! Mwandishi, hilo liingie kwenye takwimu. Sasa tuseme pamoja, nikisema "Gari dogo!" mnajibu "Matumizi madogo!" Gari dogo! (Dereva, peke yake: "Matumizi madogo!") Tunza kwanza! (Dereva ameinama kutafuta kifungo chake.) Hapo mnasema "Nunua baadaye!" Tunza kwanza! (Hakuna anayemtazama. Watu wamelizunguka turubai, wanasaidiana kumtoa mama aliyefungwa nguo safi na mtoto aliyefungwa shati la baba yake.)

Kabla sijashuka, kuna shukrani. Namshukuru kwa dhati mwalimu mkuu wa shule ya jirani kwa kutuazima mabenchi manne, na mwenye ukumbi huu kwa mapipa yake mawili, ambavyo, baada ya kupangwa kitaalamu chini ya turubai, vimelipatia gari letu umbo lake la mpito. Naomba visisogezwe mpaka mpiga picha amalize. Nawashukuru wafadhili waliotoa fedha za kununulia gari, fedha ambazo, kwa uwazi na uwajibikaji, tulizitumia zote kulitunza, na nafurahi kutamka kwamba limetunzika. Gari lenyewe halikuwahi kununuliwa, wala kuagizwa, wala kuchaguliwa, kwa kuwa Kamati ya Rangi bado iko kati ya buluu na buluu iliyoiva. Lakini nathubutu kusema kwamba hakuna gari lingine popote lililokaa miaka saba bila hitilafu yoyote. (Mtu anasema "Mungu wangu" kwa sauti ya kawaida kabisa. Nje, injini kubwa inanguruma, kokoto zinalia.)

Mwisho, lakini si kwa umuhimu, namshukuru dereva wangu mimi, ambaye namwomba asogeze gari mlangoni, kwani nasubiriwa hukohuko juu kilimani kupokea tuzo ya ubanaji wa matumizi. Dereva? (Sauti kutoka mlangoni: "Keshaondoka, mheshimiwa! Amembeba mzazi na mtoto na Mama Mkunga, na kinyozi kakaa mbele!") Ameondoka? Na gari la idara? Kwa kibali cha nani? ("Cha Mama Mkunga!") Kwani linarudi saa ngapi? ("Mama Mkunga kasema lisirudi. Kuna wengine wawili wanaomsubiri mtaa wa pili!") Lakini gari lile linakunywa sana mafuta! Na mimi nitapandaje kilima hiki, kwa jua hili, na viatu hivi?

(Watu wanaachana, njia inafunguka katikati ya ukumbi. Mama mkwe wa mzazi, beseni bado kiunoni, anainua pindo la turubai kwa heshima zote na kumwonyesha mkurugenzi benchi la mbele. "Panda, baba," anamwambia. "Hili halili mafuta.")